Kengele ya Patron

Mpaka leo nikisikia kengele ya umeme, mgongo unanikakamaa na meno yanaumana. Watu hudhani nimeshtuka. Sijashtuka. Nina hasira, na hasira yangu ina mahali ilikotoka: ofisi ya vyumba vitatu katikati ya Lubumbashi, ambako nilikuwa sekretari wa mpima ardhi mmoja, tuliyemwita Patron, katika ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaanguka.

Mgodi ulikuwa umewaachisha kazi watu wake kwa makundi, baba yangu akiwa mmoja wao, na nyumba ya kambi tuliyozaliwa ndani yake ikarudishwa kwa wenyewe. Baba alikufa kabla hajazoea kuamka bila king'ora cha kazi. Mama alipata kiwanja Annexe, pembezoni mwa mji, akafyatua matofali pamoja na majirani waliofukuzwa kama sisi, na safu ya nyumba ikasimama kando ya mashamba ya mahindi, ng'ambo ya nguzo kubwa za umeme. Kisha vita vikaja. Askari wa zamani walipora wakakimbia, wapya wakaingia mjini na buti za mpira, na nyuma yao wakaja wakubwa wapya wa ofisi, wote wana haraka. Asubuhi moja tuliamka tukakuta kila nyumba ya safu yetu imepakwa msalaba mwekundu ukutani. Walisema tumejenga chini ya nyaya za umeme. Tukapewa juma moja kupeleka komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, plani inayoonyesha umbali kati ya nyumba na nguzo. Bila plani, tingatinga lingepita.

"Ya mukono, apana," afisa wa komine alimwambia mama. "Kila muntu anachora yake ku nyumba, anapiga na cachet, muhuri ya kununua ku soko. Tunataka ya ordinateur."

Mama alirudi nyumbani anacheka.

"Ya ordinateur! Si weye njo unafanyaka na ordinateur?"

Ni kweli nilifanya kazi na kompyuta, lakini hakuna aliyenifundisha. Niliajiriwa kwa sababu nilijua kupiga taipu. Kijana aliyekuwa akichora kwa kompyuta alivuka mpaka akaenda kutafuta maisha Zambia, na mimi nikawa nakaa ofisini saa za chakula, nikibonyeza hiki na kile, nikiogopa kuharibu. Nilijifunza kwa woga. Hata sasa ndivyo ninavyojifunza. Nikichora mstari ukakosea kwa unene wa unywele, siwezi kula mpaka niufute. Safu yetu niliipima mara mbili kwa utepe wa ofisi, mama ameshika mwisho mmoja na kunitukana kwa upole, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa sawa kabisa na ya pili haikubadilisha kitu. Nyumba zetu zilikuwa nje ya ukanda uliokatazwa. Zote. Nilikuwa na ukweli wote ndani ya kompyuta, na sikuwa na njia ya kuutoa.

Njia ilikuwa moja tu: plota, mashine ya kuchorea ramani kwa kalamu, ambayo sisi tuliiita traceur. Ilikuwa ya zamani hata wakati huo. Siku za uporaji Patron aliificha gereji kwake chini ya magunia ya makala, yaani makaa, na tangu irudishwe ofisini hakuna aliyekuwa ameiwasha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinunua ramani. Ilikaa stoo, chumba pekee chenye nondo dirishani. Kompyuta ilikuwa chumba cha mbele, kwangu. Kati yetu kulikuwa na chumba cha Patron, na kebo ya plota ilipita chini ya ukuta wake kama panya.

Patron alikubali kutia sahihi. "Chora, mutoto. Baone ku komine kama bilo yangu iko inapumua." Alitaka ofisi yake ionekane hai; hakufanya kwa huruma, lakini sikuhitaji huruma yake. Nilihitaji sahihi.

Nilipowasha plota ilinguruma, ikapeleka kalamu kona moja, ikairudisha, ikanyamaza. Mashine nzima kabisa. Nikatuma plani kutoka kwenye kompyuta. Kompyuta ikajibu kwamba chombo hakiko tayari. Nikatuma tena. Hakiko tayari. Nilikwenda stoo, nikaikuta imewaka taa yake, iko tayari kama bibi arusi. Nikarudi. Hakiko tayari.

Nilianza na vumbi la makala. Lilikuwa limeingia kila mahali, hata kwenye pini za plagi, na nilijua kwamba vumbi hilo linaweza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Spiriti haikupatikana mjini. Planton wetu, yaani tarishi wa ofisi, mzee mwenye kofia isiyotoka kichwani, alinitolea chupa kutoka mfukoni.

"Lutuku," alisema. "Inaunguza tumbo ya muntu, itashindwa makala?"

Tukasafisha kila pini kwa pombe kali, stoo nzima ikanuka kama kilabu. Kengele ikalia. Patron alitaka kujua ni harufu gani.

Inafaa niieleze kengele hiyo. Patron alikuwa na kitufe juu ya meza, na kengele yenyewe ilitundikwa juu ya kichwa changu. Aliibonyeza akitaka maji. Aliibonyeza nifunge dirisha lililokuwa nyuma ya kiti chake. Aliibonyeza kuuliza saa, na saa anayo mkononi. Wateja hawakuwepo, simu ilikatwa na waporaji, mshahara ulikuwa hadithi, lakini kengele ililia. Kila ilipolia nilipoteza wazo nililokuwa nalo kichwani, na kwa mtu kama mimi wazo likipotea lazima nianze mwanzo.

Baada ya vumbi nikaenda kwenye kasi. Kompyuta na plota lazima zikubaliane kasi ya kuzungumza, na kwenye plota kasi hiyo hupangwa kwa swichi ndogo zilizo nyuma, ndogo kama punje za mchele. Nilizijaribu moja baada ya nyingine kwa ncha ya pini ya nywele. Hakiko tayari. Nilibadilisha mpangilio wa kompyuta. Hakiko tayari. Nilikuwa nimekula kucha zote za mkono wa kushoto.

Mwishowe nilifanya ujanja. Kompyuta inakataa kutuma mpaka ione kwenye plagi yake dalili kwamba mwenzake yuko tayari. Nikafungua plagi ya upande wangu, nikaunganisha pini kwa pini na kipande cha waya nilichochomoa kwenye redio mbovu, ili kompyuta ijijibu yenyewe. Ikawa kama mtu anayejiuliza na kujiitikia: Niko tayari? Uko tayari.

Plota ikaanza kuchora. Nililia machozi, sioni aibu kusema. Fremu ikatoka, mshale wa kaskazini ukatoka, nguzo zikatoka, nyumba ya kwanza, ya pili. Kisha kalamu ikasimama kidogo, ikatetemeka, na ikavuta mstari mmoja mrefu kutoka jikoni kwa mama moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya umeme. Ikaendelea kuchora ovyo, herufi juu ya herufi, kama mlevi anayeandika barua.

Karatasi ilikuwa imebaki kidogo kwenye rola. Niliitumia kwa ubahili mkubwa. Nilidhani kosa ni la mchoro wangu, nikaufuta nikauchora upya wote. Mstari uleule, jikoni mpaka nguzo. Nilipunguza kasi. Mstari ulisogea ukaanzia choo cha jirani. Nilipeleka karatasi moja nyumbani, nikamwonyesha mama.

"Njo mashini gani yenye inaandika nusu kisha inapata wazimu?"

"Sijui, mama."

"Sasa bakiona hii? Batasema umeme unatoka mu jiko yangu!" Alicheka, kisha akaacha kucheka, akautazama msalaba ukutani.

Kesho yake nilituma kitu kidogo, maelezo ya pembeni peke yake. Yakatoka safi kabisa. Nikatuma nyumba moja peke yake. Safi. Hapo nikaelewa, na nikajichukia kwa kuchelewa kuelewa. Plota ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo kama kikombe. Kompyuta inamimina haraka, kalamu inachora polepole, kikombe kinajaa. Kikijaa, plota huiambia kompyuta: ngoja. Kompyuta ikingoja, kazi inakwenda. Ya kwetu haikuwa inangoja. Ilimimina tu, na yaliyomwagika ndiyo yaliyoifanya kalamu iwehuke. Ujanja wangu wa waya wa redio ulikuwa umeiziba masikio, lakini hata kabla ya ujanja haikuwa inasikia chochote. Basi lile neno "ngoja" lilikuwa linapotelea wapi?

Nilikwenda stoo nikafungua plagi ya upande wa plota. Kebo ilikuwa na nyaya nne: wa kutuma, wa ardhi, wa kujibu, na wa kusema ngoja. Wa kutuma na wa ardhi zilikuwa mahali pake. Mbili nyingine zilikuwa zimekatwa vizuri, zimefungwa utepe mweusi, kazi safi ya mtu mwangalifu. Nilipiga magoti, nikaifuata kebo kwa vidole mpaka chumba cha Patron. Nyuma ya kabati ngozi ya kebo ilikuwa imepasuliwa, na nyaya mbili za upande wa chumba changu zilitoka, zikapanda mguu wa meza, zikaishia kwenye kitufe.

Patron alikuwa ametoka. Nilimwita planton.

"Papa, nani alifungua hii?"

"Ile? Ni miye," alijibu kwa fahari. "Njo sonnette ya Patron."

"Ulikamata fil za traceur!"

"Mama, fil zilikuwa ine. Nikakamata mbili za Patron, nikaachia ordinateur mbili. Nani banamunyima?"

"Ulijua namna gani kama hazina kazi?"

"Nilikata. Hakuna muntu alilia."

Ningeweza kumkasirikia, na nilijaribu, lakini alikuwa amegawa sawasawa, kama wanavyogawana watu wenye mkate mmoja. Hasira yangu ikapita juu ya kofia yake ikaenda kukaa kwenye kiti kitupu nyuma ya meza. Nilizunguka soko zima kutafuta waya mwingine. Mji wa shaba! Mji uliojengwa juu ya shaba, na sikupata waya wa kuvuka chumba kimoja. Wote ulikuwa umeng'olewa ukutani, umechomwa ngozi, umewekwa kwenye magunia na kupandishwa treni kwenda Sakania, mpakani mwa Zambia. Muuzaji mmoja alinionyesha vipande virefu kama kidole. "Ni bya kufunga mabati, dada," alisema. "Fil ndefu zote zilishaenda ku Zambie."

Patron aliporudi nilimweleza. Nilieleza vizuri, polepole, mikono nimeificha nyuma ili asione kucha.

"Ni ya siku moja tu, Patron. Plani ikitoka tunarudisha sonnette."

Alianza kuhesabu kwa vidole.

"Mutoto, bale balikamata gari yangu. Balikamata simu. Mabati ya gereji balitoa. Sasa weye unataka sonnette?"

"Ni nyumba ya mama, Patron."

"Na nikikuhitaji? Nipige kelele mu koridoo kama muuza makala?" Akakibonyeza kitufe, mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Kengele ikalia chumba cha mbele kisicho na mtu. "Unasikia? Hii njo bilo. Kama iko inalia, iko bilo."

Nilitoka. Nataka niseme ukweli: nilipofika kwenye kiti changu nilitamani afe. Nilikaa na tamaa hiyo kwa muda, nikaona kwamba haichori mistari.

Kama plota haikuwa na njia ya kusema ngoja, mtu angeweza kuisemea. Niliikata plani vipande vidogo vidogo ndani ya kompyuta, kila kimoja kidogo kuliko kile kikombe. Planton nikamsimamisha kwenye mlango wa stoo. Nikatuma kipande cha kwanza, nikaondoa mikono kwenye kibodi.

"Inachora!" aliita kutoka koridoo. "Inachora... inachora... imesimama!"

Nikatuma cha pili.

"Ee, inachora! Mama, iko inaandika nyumba! Ni ya nani hii?"

"Mutazame kalamu tu, papa."

"Iko na jiko inje. Ni ya mama yako! Imesimama!"

Tulikwenda hivyo asubuhi yote, kipande baada ya kipande, na mimi nikisali umeme usikatike, kwa sababu ukikatika plota ingesahau mahali karatasi ilipo na kila kitu kingekuwa bure. Kengele ikalia. Sikuinuka. Ikalia tena, ndefu. Planton akachungulia, macho makubwa.

"Mama, Patron anapiga."

"Rudi ku mulango, papa."

Ikalia mfululizo, kama kidole kimegandia pale. Nilituma kipande kingine. Kisha mlango ukafunguka na Patron akasimama nyuma ya kiti changu. Nilisikia pumzi yake.

"Uko kiziwi?"

"Ngoja, Patron," nilisema, bila kugeuka.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Sijawahi kumwambia mtu mzima ngoja. Kabla hajajibu, sauti ya planton ikaja: "Imesimama!" Nikatuma cha mwisho.

Patron alirudi chumbani kwake akafunga mlango. Nilipokwenda na plani mkononi, kamili, mistari yake yote mahali pake, alikataa kuitazama.

"Toka. Nikikuhitaji nitakuita."

Nikarudi kukaa chini ya kengele. Alinikalisha pale mpaka umeme ulipokatika na kurudi. Kisha ikalia, mara moja, kwa adabu. Nikaingia, akatia sahihi na muhuri. Nimeinama mbele ya watu wengi maishani, lakini kuinama kule ndiko nisikokusamehe, kwa sababu alikuwa anatabasamu.

Afisa wa komine aliitandaza plani, akalinganisha nguzo na nyumba kwa rula, akakubali. Halafu akaikunja mara nne, mimi nikitazama kila mkunjo, akaitia kwenye rundo.

"Hii inabaki hapa. Mulete ingine sawa na hii, sahihi ya hii inatosha, nipige cachet, muonyeshe bale ba bulldozer. Banakuya kesho asubuhi. Bao hawapitaka huku, banabomoa tu kwenye banaona msalaba."

"Kesho?"

"Tunafunga saa kumi," alisema, na kumwita anayefuata.

Nilirudi ofisini nikikimbia. Plani ya kwanza ilikuwa imekula asubuhi nzima. Nilikuwa na kipande kimoja cha karatasi, na umeme wa mchana ambao hakuna aliyeujua mwisho wake. Kwa njia ya vipande nisingeweza. Nilichukua kisu cha kukatia karatasi, nikaingia chumba cha Patron. Alikuwa amelala kitini, mdomo wazi. Nilipiga magoti nyuma ya kabati na kuzikata nyaya zile mbili, moja, halafu nyingine. Zilitoa mlio mdogo tu, kama kukata uzi. Nikaziunga na ncha zake za upande wa stoo.

Planton alinikuta stoo nikizivua utepe mweusi. Alitazama, akaelewa. Akavua kofia, akaiweka juu ya gunia, akashika kebo ili isitikisike nikiunga.

Upande wa kompyuta niliung'oa ule waya wa redio, nikazitoa nyaya mbili kwenye kengele na kuzirudisha kwenye plagi. Nikatuma plani yote, nzima, kwa pigo moja. Kompyuta ikatuma, ikasimama, ikangoja. Ikatuma, ikangoja. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri kama kungoja kule. Planton alikuwa ameita kwamba kalamu inamaliza nyumba ya mwisho niliposikia kitufe ng'ambo ya ukuta: tik. Kimya. Tik, tik. Halafu kidole kikipiga bila kupumzika, na juu ya kichwa changu hakuna sauti.

Mlango ukagonga ukuta. "Nani? Nani alikata sonnette yangu?" Alitoka akipiga kelele koridoo nzima, mpaka watu wa barabarani wakasimama, na planton, Mungu ambariki, akasema polepole: "Makala! Makala ya muzuri!"

Nilikimbilia stoo, nikakunja plani kwa kuiviringisha, siyo kwa mikunjo, nikapita kando ya Patron. Aliniambia nisirudi. Nilikuwa nimeshajua.

Afisa alipiga muhuri akiwa na funguo mkononi. Asubuhi tingatinga lilikuja likiwa na watu wawili wa kuliongoza. Mama aliifungua plani mbele yao, akiishika juu kwa mikono miwili kama kitambaa cha kuuza. Mmoja aliitazama kwa mwanga wa jua, akahesabu nyumba kwa kidole, akatazama misalaba, akatazama tena muhuri.

"Tupite," alimwambia mwenzake. Wakapita. Walikwenda kubomoa safu nyingine ng'ambo ya barabara, ambayo haikuwa na mtu wa kuchora, na tulisikia kuta zake zikianguka mchana kutwa, tumekaa ndani ya zetu.